Vijana wa mjengo hawalipi jim wala hawajui unga wa protini, lakini miili wanayo. Nielezeni

#1 JamaaWaMilimani (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Kando ya ofisi yetu hapa mjini kunajengwa ghorofa. Kila saa saba mchana niko dirishani na sahani ya wali kwa kuku, nawatazama vijana wakishusha saruji kwenye lori. Mfuko ni kilo 50. Kijana anautupa begani, anapanda ngazi ya mbao, anarudi kuchukua mwingine, na muda wote huo anapiga soga na wenzake. Mgongo umechongeka, tumbo limekatika vipande. Chakula chao nakijua kwa sababu mama wa kibanda ndiye huyo huyo anayetuletea chai: chapati, madondo (maharagwe), basi.

Mimi nalipa jim kila mwezi. Nina treina. Juu ya kabati nina kopo la unga wa protini. Nina kilo 94 na mkanda umebakiza tundu la mwisho. Treina amesema niache ugali kabisa, nile kuku wa kuchemsha na brokoli. Brokoli, jamani, na soko la Kibuye limejaa mboga za kila aina!

Naomba mnieleze: hawa vijana miili wameitoa wapi? Msiniambie "kazi ngumu" halafu mkaondoka. Kazi ngumu inafanya nini hasa mwilini ambacho jim yangu haifanyi?

#2 Bonge_la_Bondo (Bondo)
Ndugu yangu, wao wanabeba saruji, wewe unakula wali ukiwatazama. Uzi umefungwa.

#3 Section58 (Nakuru)
Hesabu ni moja tu: kinachoingia na kinachotoka. Mtu wa ofisini mwenye mwili kama wako anamaliza labda kalori 2,500 kwa siku. Kijana anayebeba mizigo kutoka asubuhi hadi jioni anaweza kupita 3,500 hata kama ni mwepesi kuliko wewe. Akila chapati na madondo yake, bado hajafika huko, kwa hiyo mafuta ya kurundika tumboni yatatoka wapi? Misuli anayo kila mtu. Yake unaiona kwa sababu haijafunikwa.

Wewe jim unakaa saa moja, labda unachoma kalori 300. Ukitoka unakunywa soda ya nusu lita, hiyo ni zaidi ya 200. Jioni chapati mbili za mama, na kila kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120. Umerudi ulikotoka na nauli juu.

#4 Kondele_Chuma (Kisumu)
@Section58 umeeleza kukonda, hujaeleza misuli. Wapo watu kibao wembamba hapa mjini na hawana mabega kama hayo. Njaa haijengi mgongo.

Mimi nina jim ya mtaani Kondele. Vyuma vyetu ni bomba la maji na mikebe ya rangi iliyomwagwa zege. Vijana wangu wengi ni wa boda na wa mkokoteni. Kinachojenga msuli ni mzigo unaokaribia kukushinda, urudiwe, na mwili upewe chakula na usingizi ujirekebishe. Mjengo unakupa mzigo, upende usipende. Jim ya Milimani inakupa kioo, muziki na baridi ya mashine. Nimewaona watu huko wanainua kilo ile ile kutoka Januari hadi Disemba, katikati ya seti wanajibu simu. Jamaa, hebu sema ukweli, kwenye benchi unasukuma kilo ngapi, na mwaka jana ulikuwa unasukuma ngapi?

#5 JamaaWaMilimani
Arobaini. Na mwaka jana... arobaini. Lakini fomu imeimarika!

#6 Bonge_la_Bondo
Fomu ya kulipia jim ndiyo imeimarika.

#7 Kocha_Lurambi (Kakamega)
Nyote mnaruka jambo moja. Hao mnaowaona ni waliobaki. Kwenye mjengo wowote, Jumatatu wanaandikwa vijana wengi, na kufikia Alhamisi waliozoea vitabu au wenye mgongo mbovu washapotea. Aliyeshindwa hayuko pale kutazamwa dirishani. Kwa hiyo unatazama mchujo halafu unauliza kwa nini kila mmoja ana nguvu. Ni sawa na kwenda kwenye mazoezi ya mpira wa vikapu ukashangaa mchezo huo unavyorefusha watu.

Pia msichanganye nguvu na kitambi. Njoo hapa uwanja wa maonyesho siku Kabras wanacheza raga, utazame wale wa safu ya mbele. Tumbo lipo, na ukimgonga unaanguka wewe. Nguvu ni swali moja, mafuta ni swali lingine. Jamaa ameyauliza yote mawili kwa pumzi moja.

#8 Mama_Trei (Nakuru)
Kocha umesema. Lakini tusiwasahaulishe watu chakula. Protini ndiyo matofali yenyewe. Yai moja lina kama gramu 6. Mayai manne asubuhi ni gramu 24 kabla hujatoka nyumbani.

#9 Section58
Mama_Trei anauza mayai, wadau. Tuwe wazi.

#10 Mama_Trei
Nauza, na nitaendelea kuuza. Je, hesabu ni ya uongo? Jamaa, kopo lako ulinunua pesa ngapi?

#11 JamaaWaMilimani
Elfu saba. Kilo mbili na kidogo.

#12 Mama_Trei
Kwangu trei ni 450. Elfu saba inakupa trei 15 na mabaki ya kununua chumvi. Trei 15 ni mayai 450, na protini yake ni kama kilo 2.7. Kopo lako hata likiwa zuri, robo hivi ya ule unga si protini, kwa hiyo unapata chini ya kilo 2. Na mimi nakuletea hadi mlangoni ukija Lanet.

#13 DktNaNusu (Bungoma)
Niongeze kidogo, mimi ni mtu wa zahanati. Kiwango cha chini cha kumtosha mtu mzima "asiugue" ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito. Anayenyanyua vyuma anahitaji zaidi. Mwaka 2018 jarida la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 49, na likaona kwamba faida ya kuongeza protini inaisha karibu na gramu 1.6 kwa kilo. Ukipita hapo unaongeza gharama tu. Jamaa, usipige hesabu kwa kilo 94 kwa sababu sehemu yake ni mafuta. Chukua uzito unaoutaka, tuseme 80, utapata gramu 128 kwa siku.

Ambaye figo zake tayari zina shida asifuate hesabu hii bila kumwona daktari wake. Na wewe mwenyewe pima presha na sukari kabla hujaanza kushindana na watoto wa watu.

#14 AfyaBoraAsilia
Wakuu, nina chai ya mitishamba inayeyusha kitambi ndani ya siku 14 bila mazoezi. Njooni inboksi.

#15 Bonge_la_Bondo
Nilishaijaribu hiyo chai. Kilichoyeyuka ni mshahara.

#16 DktNaNusu
Nyingi za chai hizo ni za kuharisha. Mtu anapoteza maji, mizani inashuka, anashangilia, akinywa maji inapanda. Ni kama wale wanaokimbia wamejifunga nailoni tumboni. Jasho si mafuta. Na hakuna zoezi la kuondoa mafuta ya tumbo peke yake. Fanya sitapu hadi jogoo awike, msuli wa chini utakomaa na blanketi la juu litabaki pale pale. Mwili ndio unaochagua uanzie wapi kutoa.

#17 FundiNyalenda (Kisumu)
Nimesoma kutoka mwanzo. Mnatujadili kama ng'ombe wa maonyesho, hata hamjauliza mwenye mwili.

Mimi ni wa mjengo. Nina kilo 66. Asubuhi chai ya maziwa na mandazi mawili. Mchana chapati tatu na sahani ya madondo, siku ya malipo naongeza avokado. Usiku ugali mkubwa, sukuma na omena (dagaa). Pombe sigusi, si kwa utakatifu, kesho yake huwezi kusimama juani.

Sasa siku ya slabu. Mchanganyiko ukianza kuzunguka hausimami, kwa sababu zege ikikauka katikati mwenye nyumba atatuua. Tunapanga mstari kutoka chini hadi juu, karai inapita mkono kwa mkono. Unapokea kwa kiuno, unazungusha, unamrushia wa juu, unageuka nyingine imeshafika. Saa ya kwanza unaongea. Saa ya tatu hakuna anayeongea. Mikono inatetemeka hadi kikombe cha chai unakishika kwa viganja viwili. Jioni nikifika nyumbani naoga, nakula, saa tatu nimelala. Hiyo ndiyo jim yetu.

Na mabega ya kushoto na kulia hayalingani, mkitaka kujua. Saruji naibeba kulia.

#18 Kijana_Njoro (Njoro)
Shikamoo mafundi. Mimi ni mwanafunzi, nina kilo 57, nataka kuongezeka, si kupungua. Nimempigia Fundi hesabu ya protini kwa makadirio: chai na mandazi gramu 6, chapati tatu kama 18, madondo 18, unga wa ugali robo kilo 20, omena kavu gramu 40 kama 22, sukuma 4. Jumla 88. Kwa kilo 66 ni zaidi kidogo ya 1.3 kwa kila kilo. Kumbe hayuko mbali na ile 1.6 ya daktari, na hajawahi kuona kopo!

#19 Kondele_Chuma
Kijana umenifurahisha. Watu wanasema "anakula ugali na maharagwe tu" kana kwamba maharagwe ni maji.

#20 Section58
Sawa, lakini protini ya mahindi na ngano ni dhaifu kidogo ukilinganisha na ya samaki au maziwa. Ukichanganya na maharage zinafidiana. Githeri, mahindi na maharage kwenye sufuria moja, haikubuniwa na wajinga.

#21 NyarDunga (Kisumu)
Nyoyo, siyo githeri. Tuko Kisumu hapa.

Na kwa kuwa omena imetajwa, niwafundishe kabla hamjaiharibu. Omena kavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na unaila na mifupa kwa hiyo kalisi unaipata. Tatizo ni mnavyopika. Mtu anaimwagia mafuta vikombe viwili halafu analalamika kitambi. Loweka kwa maji ya moto, sugua kwa mikono, mwaga, rudia hadi mchanga uishe chini ya sufuria. Ichuje vizuri. Kaanga kavu kwenye sufuria bila mafuta hadi isikike ikigongana, hapo harufu ile ya ziwa inakuwa imeondoka. Ndipo unaweka kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu, nyanya nyingi, na ukiipenda ya maziwa malizia na maziwa. Osuga (mnavu) pembeni. Huo ni mlo wa mtu wa vyuma kwa bei ya soda.

Mimi nanyanyua pia, kwa taarifa yenu. Naanza kuchoka kuona uzi mzima ni wanaume na matumbo yao.

#22 Bonge_la_Bondo
Dada NyarDunga, na huogopi kuwa na mabega kama ya Fundi?

#23 NyarDunga
Swali hilo nalipata kila wiki. Mama yangu amebeba mtungi wa lita 20 kichwani tangu akiwa msichana, na kuni juu. Umewahi kumwona mama wa kijijini amegeuka mwanaume kwa sababu ya maji? Mwanamke homoni ya kiume anayo kidogo sana, misuli inakuja polepole na inakaa mahali pake. Mimi nachuchumaa na chuma mabegani, naokota chuma chini, najivuta kwenye bomba. Kilichobadilika ni kwamba nguo za juu zinanikaa na mgongo hauniumi nikiinama kwenye karo.

#24 Section58
Tukiwa hapo kwa mtungi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya juu ya wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukamba kwenye paji la uso. Waliona mwanamke aliyezoea anabeba mzigo bila kutumia nguvu ya ziada hata kidogo ukilinganisha na kutembea mikono mitupu. Sasa tafakari: kama mwili unajifunza kubana matumizi, basi Fundi aliyezoea saruji huenda anachoma kidogo kuliko Jamaa ambaye angeibeba leo mara ya kwanza.

#25 DktNaNusu
@Section58 rekebisha. Bila nguvu ya ziada ni hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili tu. Ukipita hapo matumizi yanapanda. Mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12, hata mtungi wa lita 20 umeshapita hapo. Na saruji ya kilo 50 kwa Fundi wa kilo 66 ni robo tatu ya mwili wake. Hiyo haina msamaha.

#26 Section58
Nimekubali hiyo 20. Ila kuna jambo lingine linalonisumbua na linapingana na hata nilichosema #3. Wahadza wa Tanzania, kule karibu na ziwa Eyasi, wanatembea na kuchimba mizizi kutwa. Walipopimwa, matokeo yakachapishwa 2012, nishati wanayotumia kwa siku ikaonekana hailingani na matarajio: ukizingatia ukubwa wa mwili, ni karibu sawa na ya Mmarekani wa ofisini. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwili ukitumika sana unabana kwingine. Kama ni hivyo, wembamba wa vijana wa mjengo hautokani na kazi kiasi kile, unatokana na kwamba hakuna chakula cha ziada cha kunenepea.

#27 Kocha_Lurambi
Mhadza anatembea, hashushi lori. Huwezi kuchukua mwindaji ukamfanya kipimo cha slabu. Wachezaji wangu wakiingia kambini wasipoongezewa chakula wanapungua wiki ya pili, hilo naliona kwa mizani, si kwa jarida.

#28 Section58
Wiki ya pili sawa. Kocha, baada ya miezi?

#29 Kocha_Lurambi
Baada ya miezi ligi imeisha na wako kwa mama zao wanakula ingokho (kuku). Huwezi kupima.

#30 MzeeWaKitale (Kitale)
Vijana hamjambo. Mimi nimepita sitini. Ujanani nililima kwa jembe na kubeba magunia ya mahindi ya kilo 90 na mwili ulikuwa kama huo mnaousifu. Leo bega la kulia halipandi juu ya sikio. Fundi, nakuambia kama mwanangu, kazi haikuulizi kama leo umechoka. Jim inakuruhusu kushusha kilo. Mwenye mjengo hakuruhusu. Tofauti hiyo utaiona ukifika umri wangu.

Daktari aliniambia misuli inaanza kupungua taratibu kuanzia miaka ya thelathini, na baada ya sitini inakimbia. Kwa hiyo sasa nachuchumaa na kusimama kwenye kiti, nainua ndoo mbili za mchanga, mara mbili tatu kwa wiki. Wajukuu wanacheka. Nawaacha wacheke.

#31 FundiNyalenda
Asante mzee, nimekusikia. Magoti yashaanza kuongea nikipanda ngazi. Lakini mjukuu wako akija kuomba karo hutamwambia nimeshusha kilo.

#32 Kondele_Chuma
Turudi kwa msuli. Kuna anayesema saruji ni nyepesi mno kwa mtu aliyezoea, haijengi tena. Mwaka 2012 chuo kikuu cha McMaster, Kanada, walifundisha vijana kunyoosha miguu, wengine kwa asilimia 80 ya uwezo wao wa juu, wengine kwa asilimia 30 tu, lakini kila mmoja aendelee mpaka ashindwe. Misuli ilikua karibu sawa. Nguvu ya kuinua mara moja ilikuwa zaidi kwa waliobeba mzito, lakini ukubwa karibu sawa. Kwa hiyo karai nyepesi ikipita mara mia mpaka mikono itetemeke, kama alivyoeleza Fundi, inajenga. Neno ni "mpaka ashindwe".

#33 Kocha_Lurambi
Ila mfuko wa saruji hauongezeki. Ni 50 leo, 50 mwaka kesho. Mwili ukiuzoea unasimama hapo. Fundi, mwaka wa kwanza na sasa, mwili umeongezeka?

#34 FundiNyalenda
Mwaka wa kwanza ndio niliongezeka. Tangu hapo niko vile vile. Nilidhani ni umaskini.

#35 Bonge_la_Bondo
Fundi wewe ni mshairi.

#36 JamaaWaMilimani
Nimesoma zote. Sasa nimepata maelezo sita na kila mmoja anampiga mwenzake. Kondele, nipe la kufanya. Na ugali je, niuache?

#37 Kondele_Chuma
Ugali usiuache, upunguze. Ukiuacha leo, Jumapili kwa shemeji utaurudia wote na riba. Kata nusu ya kile kipande chako, nafasi jaza mboga na samaki au maharage. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, siyo kwa macho. Sukari kwenye chai ipungue. Ukikosa kalori 300 hadi 500 kwa siku utashuka polepole bila kuzubaa kazini, maana kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700, haiondoki kwa wiki moja ya hasira.

Vyuma: mara tatu kwa wiki. Kila siku uwe na zoezi la kuchuchumaa, la kusukuma, la kuvuta, na la kuokota chuma chini mgongo ukiwa umenyooka. Seti tatu tatu, kati ya mara 6 na 12, na ukiweka chini uwe umebakiza nguvu ya mara moja au mbili tu mwilini. Pumzika dakika mbili kati ya seti, simu ikae kwenye begi. Nunua daftari la shilingi ishirini uandike kilo na idadi. Ukifika 12 seti zote, ongeza kilo 2 na nusu. Ukikaa kwenye arobaini yako mwaka mwingine nitakuja huko Milimani mwenyewe.

Wewe ni mtu ambaye kwa kweli hajaanza, na una akiba ya mafuta. Watu wa aina yako wanaweza kupunguza kitambi na kuongeza msuli kwa pamoja. Aliyekomaa ndiye anayelazimika kuchagua.

#38 Section58
Na Ijumaa, Jamaa? Unakunywa ngapi?

#39 JamaaWaMilimani
Hilo halikuwa kwenye swali.

#40 Mama_Trei
Haha! Chupa ya nusu lita ni kama kalori 200, zidisha mwenyewe, halafu ongeza nyama choma ya saa nne usiku.

#41 Kijana_Njoro
Daktari, na mimi wa kilo 57? Kuna jamaa hosteli anauza kreatini, na mwingine ana sindano.

#42 DktNaNusu
Sindano kimbia. Homoni za kujidunga zinasinyaza korodani, zinaharibu mafuta ya damu na moyo, na hujui hata kilichomo kwenye kichupa hicho. Kreatini ni kitu kingine kabisa, imechunguzwa miaka mingi na kwa mtu mwenye afya ni salama: gramu 3 hadi 5 kwa siku, ile ya kawaida ya monohaidreti. Kilo moja au mbili za mwanzo ni maji yanayoingia kwenye msuli, usianze kununua fulana mpya. Ipo pia kwenye nyama na samaki, kwa kiasi kidogo.

Lakini shida yako ni chakula. Uji wa wimbi na maziwa, weka karanga za kusaga. Karanga gramu 100 zina zaidi ya kalori 550. Maziwa nusu lita kila jioni, hiyo ni gramu 16 za protini. Hapo Njoro maziwa si tatizo.

#43 Kijana_Njoro
Asante daktari. Na kumbikumbi? Shosho yangu Vihiga anasema ndio walijenga babu.

#44 NyarDunga
Ng'wen! Zina protini na mafuta mengi, shosho hakosei. Ila unazipata msimu wa mvua tu, na hapa sokoni kikombe kimoja kidogo bei imepanda kama ya nyama.

#45 Kocha_Lurambi
Tsiswa, dada. Tuko Vihiga sasa.

#46 FundiNyalenda
Nina swali la kweli. Kama mwili umesimama kwa sababu saruji ni 50 ile ile, nikija kwa Kondele jioni kuinua zaidi nitakua, au nitakufa?

#47 Kondele_Chuma
Utakua, kama ukija siku mbili tu, ufanye miguu na kujivuta, na uongeze chakula. Mabega yako yashafanya kazi ya wiki. Na tubebe kushoto kwanza, tulinganishe.

#48 MzeeWaKitale
Hapana. Apumzike. Kijana aliyeshusha lori hahitaji lori la pili.

#49 DktNaNusu
Niko kati. Siku ya slabu asiende. Siku ya kuchanganya plasta aende akitaka, goti likiuma aache.

#50 FundiNyalenda
Saa kumi na mbili jioni mnanipangia mazoezi na mimi sijavua buti. Nitaangalia Jumapili.

#51 Bonge_la_Bondo
Jumapili ni samaki wa ngege (tilapia) kule Dunga kwa NyarDunga. Jamaa analipa, yeye ndiye mwenye kopo la elfu saba.

#52 Section58
Ngege ni chaguo zuri, nyama yake ina mafuta machache. Mbuta ina mafuta zaidi. Ila mwagizie Jamaa ya kuchemsha.

#53 NyarDunga
Ya kuchemsha mtakuja na sufuria yenu. Kwangu nakaanga.

#54 JamaaWaMilimani
Nitalipa ya Fundi na yangu. Bonge ajilipie, maoni yake yote hapa ni kunitukana. Na Mama_Trei, trei moja kutoka Lanet hadi Kisumu itafika nzima?

#55 Mama_Trei
Tuma nauli ya matatu, nitampa kondakta ninayemwamini. Yakivunjika mawili unayakaanga hapo hapo stendi.